Stakabadhi Ambazo Shangazi Hakuzifungua

Mungu amlaze mahali pema Shangazi. Hakuwa mtu wa kupenda sifa, na kisa hiki angekisimulia mwenyewe kwa kujilaumu zaidi ya kinavyosimuliwa hapa. Lakini ametangulia, na waliobaki wanamkumbuka kwa asubuhi moja tu ya Alhamisi, kwa hiyo bora isimuliwe kama ilivyokuwa.

Aliingia hospitalini akiwa msichana, karani wa kupiga chapa majibu ya maabara. Enzi zile jibu lilikuwa kikaratasi. Alikipiga chapa, akakishika mkononi, akapanda nacho ngazi hadi wodini, na hakuondoka mpaka muuguzi asaini daftari kwamba amepokea. Kompyuta zilipoletwa, makarani wenzake walipunguzwa mmoja baada ya mwingine. Yeye alikuwa na miaka thelathini na minane, hana mume, ana kaka mgonjwa na watoto wa kaka wanaomtegemea. Akanunua vitabu vya Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, akawa anavisoma kwenye meza ya jikoni, midomo ikichezacheza.

"Shangazi, hicho ni kitabu cha dua?" watoto wakamtania.

"Ni cha dua," akawajibu. "Nisipoomba humu hampati sare za shule."

Alipofikisha arobaini na tano alikuwa ndiye anayetunza programu nzima ya majibu ya maabara, katika chumba chembamba mwisho wa korido, chenye kiyoyozi kinachotoa maji na ndoo ya kuyakinga. Hata mkuu wake wa kitengo, aliyemzidi umri kwa miaka miwili, alimwita Shangazi. Mkuu huyo naye alikuwa na jina lake la pembeni: Zima-Washa. Printa ikikwama, dawa yake ni kuzima na kuwasha. Mtandao ukikatika, zima, washa. Wauguzi walisema siku akiumwa yeye mwenyewe watamtibu vivyo hivyo.

Sasa, siku tisa kabla ya Alhamisi hiyo, Shangazi alikuwa amefanya mabadiliko yaliyompatia pongezi. Maabara ililalamika kwamba programu inajikokota. Kila jibu lililotoka lilisubiri kwanza skrini ya wodi ikiri kulipokea ndipo jibu la pili litoke, na foleni ikawa ndefu. Shangazi akaona njia. Badala ya programu kupeleka jibu yenyewe na kusimama mlangoni, ataajiri humo ndani kundi la matarishi wanane, si watu bali vijiprogramu vya kupeleka majibu. Programu inamkabidhi tarishi jibu, inageuka na kushika kazi nyingine. Tarishi anakwenda zake. Java ina utaratibu wake katika jambo hilo: ukimkabidhi tarishi kazi, unapewa stakabadhi. Kazi ikiisha salama, stakabadhi inasema hivyo. Tarishi akianguka njiani, hitilafu iliyomwangusha inafungiwa ndani ya ile stakabadhi, kimya, wala haipigi kelele popote, mpaka mwenye stakabadhi aifungue asome.

Shangazi alizihifadhi zote vizuri, akidhani iko siku atataka kusitisha kazi fulani. Hakufungua hata moja. Na kwa haraka ya siku ile akaweka neno "Imetumwa" litokee kwenye skrini ya maabara pale tarishi anapokabidhiwa jibu, si pale anapolifikisha. Yeye, wa daftari la kusaini.

Mambo yakaenda mbio. Maabara ikapiga makofi. Zima-Washa akamnunulia soda.

Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, simu ya mezani ililia. Alikuwa mtaalamu wa maabara, yule waliyemwita Miwani kwa ajili ya vioo vyake vinene kama chini ya chupa.

"Shangazi, nina mama hapa dirishani anataka kunimeza. Alipimwa siku tano zilizopita, hajapigiwa simu. Mimi nikiangalia hapa naona 'Imetumwa'."

Sauti ya mwanamke ikasikika nyuma yake: "Imetumwa wapi? Mbona mimi mwenyewe niko hapa?"

"Unasikia lakini?" alisema Miwani. "Na si yeye tu. Zamani jibu likikwama skrini yangu inakuwa nyekundu, nachukua simu nampigia mtu mwenyewe. Wiki hii yote sijaona wekundu hata mara moja. Nikasema moyoni, ama kweli Shangazi ametukomboa."

Shangazi akaweka simu chini. Alifungua kumbukumbu za programu, mahali ambapo hitilafu zote huandikwa, akateremka nazo siku hadi siku. Hapakuwa na kitu. Siku tisa, majibu maelfu, hakuna hitilafu hata moja. Hospitali hii, ambayo haiwezi kumaliza asubuhi bila jibu moja kukwama! Usafi ule ndio uliomtisha. 

"Bosi," aliita. "Njoo uone."

Zima-Washa alikuja na kikombe mkononi, akasikiliza, akasema kama ilivyotarajiwa: "Tuzime tuwashe."

"Ukizima tumewazika."

"Tumewazika nani?"

"Sijui! Hilo ndilo tatizo, sijui ni nani. Majibu yaliyoanguka njiani yako ndani ya stakabadhi, na stakabadhi ziko kichwani mwa mashine. Hazikuandikwa popote pengine. Ukizima, kichwa kinafutika. Tutabaki na orodha ya watu elfu sita walioandikiwa 'Imetumwa', hatujui yupi kweli na yupi si kweli."

"Unataka nini sasa?"

"Nipige picha ya kumbukumbu yote ya mashine, niifungue pembeni. Lakini wakati wa kupiga picha, skrini za wodi zitaganda."

"Kwa muda gani?"

"Dakika kumi. Labda kumi na mbili."

Zima-Washa akaweka kikombe chini. "Shangazi, mganga mkuu atanila mbichi."

"Anile mimi. Mimi nimenona."

Hakucheka, lakini alichukua simu akaanza kuzitaarifu wodi moja moja. Shangazi akaomba kimoyomoyo, maneno matatu tu, akabonyeza. Papo hapo simu zote mbili za chumbani zikaanza kulia. Wodi ya upasuaji: skrini imeganda. Wodi ya watoto: imeganda. Muuguzi mmoja alisema kitu ambacho Zima-Washa alikisikia akafumba macho. Shangazi hakuinua kichwa. Alitazama mstari mwembamba ukijaza kisanduku chake, asilimia kumi, kumi na nne, kumi na nne, bado kumi na nne, na akahisi kama anayeteremsha ndoo kisimani asijue kamba inafika wapi.

Ilichukua dakika kumi na nne. Alipoifungua ile picha, alikuta stakabadhi maelfu zikiwa zimepangwa kama alivyozipanga mwenyewe. Akaziagiza zijitenge: zilizoisha salama kule, zilizobeba hitilafu huku. Huku zikaja sitini na tatu.

Akafungua ya kwanza. *Wodi: hakuna.* Ya pili. *Wodi: hakuna.* Ya tatu, ya kumi, ya arobaini, neno lile lile.

Akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulikuwa kubaya kuliko kutojua. Tarishi alipokabidhiwa jibu alitafuta mgonjwa yuko wodi gani. Mgonjwa aliyekwisha ruhusiwa kwenda nyumbani hana wodi, basi tarishi akagonga ukuta akaanguka. Zamani kuanguka kule ndiko kulikogeuza skrini ya Miwani kuwa nyekundu, naye akapiga simu. Kwa hiyo waliopotea hawakuwa wagonjwa walio kitandani, ambao daktari angeweza kuuliza jibu liko wapi. Walikuwa wale wote waliokwenda zao nyumbani wakiwa wameambiwa maneno yale yale: tatizo likiwepo, tutakupigia.

Alichapa orodha, akateremka nayo maabara karibu akimbie, Zima-Washa nyuma yake. Miwani aliipitisha kidole mstari kwa mstari, pua ikigusa karatasi.

"Huyu salama. Huyu salama. Huyu arudi wiki ijayo, si haraka. Huyu dawa aongezewe, leo leo." Kidole kikasimama. "Yesu wangu."

"Nini?"

"Mzee mshona viatu. Alilazwa siku moja, akaruhusiwa Jumatatu. Anakunywa vidonge vya kuzuia damu kuganda kwa ajili ya moyo. Kipimo chake kinatakiwa kiwe kati ya mbili na tatu." Akavua miwani, akaivaa tena. "Hiki ni saba na ushee. Hii damu haigandi, Shangazi. Akijikata na kisu chake cha ngozi tu, ni balaa."

Shangazi alipiga namba iliyoandikwa. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga ya ndugu. Akapokea mwanamke, mkwe wa mzee.

"Mama, nakupigia kutoka hospitali. Baba yupo?"

"Ametoka. Jino limemtesa wiki nzima, leo kaenda kuling'oa."

Miwani, aliyekuwa amesogeza sikio, akaanza kupunga mikono kukataza.

"Kaenda wapi, mama? Kwa daktari yupi?"

"Sijui jina. Alisema ile ya ghorofani mtaa wa maduka. Simu yake ameiacha hapa, inachaji. Kwani kuna nini?"

"Ana miadi ya saa ngapi?"

"Nne kamili."

Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika tisa.

Mtaa wa maduka ulikuwa na kliniki za meno tatu, zote ghorofani. Simu ya moja haikupokelewa, ya pili ilikuwa inatumika, ya tatu hakuna aliyeijua. Mtaa wenyewe uko nyuma tu ya ukuta wa hospitali. Shangazi akakata shauri. Alimwita fundi wa nyaya za mtandao aliyekuwa juu ya ngazi koridoni, kijana wa watu mwenye watoto wawili na miguu mirefu, akamwambia ateremke.

"Tunaenda watatu, kila mmoja kliniki yake. Fundi, wewe ile juu ya duka la vioo. Bosi, juu ya benki. Mimi ile ya kwenye kona. Mnamuulizia mzee mshona viatu, asiguswe jino. Na sikilizeni vizuri." Aliwashika wote wawili mikono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Ukimkuta, nipigie. Usipomkuta, nipigie. Ukifukuzwa, nipigie. Nisiposikia kwako ndani ya dakika kumi nitajua umekwama, nakuja mwenyewe. Asinyamaze mtu!"

"Sawa, Shangazi," alisema fundi, akatoka kama mshale. Zima-Washa alitoka akishikilia tai yake.

Kliniki ya kwenye kona ilikuwa na ngazi nyembamba zenye harufu ya dawa ya kuoshea vinywa. Shangazi alifika juu akihema, mkono kifuani. Sebuleni walikuwa wanawake wawili na mtoto aliyefungwa kitambaa shavuni. Mzee? Hakuna mzee aliyepita leo. Simu ikalia mfukoni: fundi.

"Shangazi, hayupo huku. Nimeingia mpaka chumba cha ndani, daktari kanitukana. Hayupo."

"Ubarikiwe. Nenda kwa bosi."

Alitazama saa. Dakika sita tangu watoke. Akateremka. Dakika saba. Barabarani aliishika simu mkononi kama yai. Pembeni mwa moyo wake kulikuwa na sauti ndogo ikimwambia: bosi hajapiga, maana yake hakuna tatizo. Hayupo huko, mzee kaghairi, yuko nyumbani kwa rafiki. Dakika tisa. Sauti hiyo ilikuwa tamu. Ndiyo aliyoisikiliza siku tisa nzima.

Dakika kumi zilipotimia alikuwa tayari kwenye ngazi za benki, akipanda mbilimbili, mama wa miaka arobaini na sita mwenye magoti mabovu.

Zima-Washa alikuwa ameketi sebuleni, mikono juu ya mapaja kama mtoto aliyeitwa kwa mwalimu mkuu.

"Bosi!"

"Yupo! Yuko ndani. Huyu dada anasema daktari hasumbuliwi akiwa na mgonjwa, nisubiri. Nikasema akitoka ndipo nikupigie nikiwa na habari kamili..."

"Habari kamili!" Shangazi alimpita, akampita na dada wa mapokezi aliyekuwa ameinuka kumzuia, akausukuma mlango.

Jino lilikuwa limeshatoka. Lilikuwa kwenye kisahani cha chuma. Mzee mshona viatu alikuwa kwenye kile kiti kirefu, mdomo umejaa pamba, na pamba ilikuwa nyekundu yote. Kwenye ndoo ya pembeni kulikuwa na pamba nyingine nyingi. Daktari wa meno, mwanamke wa makamo, alikuwa amekandamiza kwa vidole, uso umebadilika rangi.

"Nani amekuruhusu..."

"Kipimo chake cha damu kuganda ni saba," Shangazi alisema. "Ni cha Jumatatu. Natoka hospitali."

Daktari alimtazama kwa nukta moja tu. "Saba! Nilimuuliza kabla sijamgusa! Akaniambia alipimwa, na hawakumpigia simu, kwa hiyo yuko salama." Hakuacha kukandamiza. "Nishikie hapa. Kwa nguvu. Wewe wa nje, ita gari la hospitali, waambie wajiandae na sindano ya vitamini K. Dada, nipe uzi wa kushonea!"

Shangazi alikandamiza. Vidole vyake, ambavyo maisha yake yote vilikuwa vya kubonyeza herufi, vilihisi uvuguvugu ukipenya pamba na kumfikia. Mzee alimtazama juu chini, macho meupe kwa hofu. Daktari alishona, akaweka pamba mpya, wakakandamiza tena. Fundi wa nyaya alifika, akasaidiana na Zima-Washa kumteremsha mzee kwenye kiti, ngazi baada ya ngazi. Kutoka hapo mpaka lango la wagonjwa wa dharura zilikuwa dakika nne, na Shangazi alisema baadaye kwamba katika dakika hizo alikumbuka zaburi zote alizofundishwa utotoni na hakuweza kumaliza hata moja.

Saa saba mchana damu ilikuwa imekata. Mzee alilazwa, dripu mkononi, shavu limevimba, amekatazwa kuongea.

Mlangoni mwa wodi Zima-Washa alimshika Shangazi kiwiko. "Ukiingia, mwambie mfumo ulipata hitilafu. Inatosha. Wala si uongo."

"Mfumo ulipata hitilafu, ndiyo," alisema Shangazi. "Na ulinipa stakabadhi sitini na tatu nisome. Ni mimi niliyezifungia."

"Watakufukuza."

"Basi, kupiga chapa bado najua."

Akaingia, akavuta kigoda, akakaa karibu na kichwa cha mzee. Mkwe wake alikuwa upande wa pili, amekunja uso. Shangazi alieleza yote, polepole, bila maneno ya kompyuta. Kwamba jibu lilitoka Jumatatu mchana. Kwamba yeye ndiye aliyetengeneza njia ya kulipeleka, na njia ile haikuwa na mtu wa kuuliza kama limefika. "Ulingoja simu, mzee wangu. Haikuja, ukaona kimya ni heri. Ulikuwa na haki kuona hivyo. Kosa ni langu. Naomba unisamehe, na kama huwezi leo, nitarudi kesho."

Mzee hakuweza kusema.  Akainua mkono usio na dripu na kuonyesha ishara ya kuandika. Shangazi akampa kalamu na akageuza ile orodha upande usioandikwa. Herufi zilikuwa kubwa, zimelala upande, za mtu aliyezoea kuchora kwenye ngozi.

*Wengine wameambiwa?*

Shangazi alizisoma mara mbili. Hakuwa ameambiwa amesamehewa, na hakuuliza. "Wanne tu," alisema. "Miwani aliwapigia wale wa haraka. Wamebaki hamsini na nane."

Mzee akaelekeza kidole mlangoni.

Mchana ule alipitia programu yake upya. Kila stakabadhi ikawa inafunguliwa. Iliyobeba hitilafu ikapiga kelele kwenye skrini ya maabara. Tarishi aliyechelewa kupita muda aliopangiwa akahesabiwa ameanguka na kutafutwa. Neno "Imetumwa" aliliondoa kabisa, akaweka "Imepokelewa", pamoja na jina la aliyepokea. Haikuchukua hata saa nzima. Alisema ndicho kilichomuuma kuliko vyote, kwamba haikuchukua hata saa nzima. Barua ya onyo kali ilikuja wiki iliyofuata, akaitia saini bila kuongeza neno.

Lakini hiyo Alhamisi, kabla jua halijapungua ukali, alikuwa amesogeza simu ya mezani karibu, Zima-Washa amekaa upande wa pili na nusu ya orodha, bila tai. Mmoja alikuwa amehama, ikabidi kumtafuta kwa jirani. Mmoja alipokea akiwa sokoni, akawa anapaza sauti. Yule mama wa dirishani alipatikana amerudi nyumbani, akamsikiliza Shangazi mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo ningenyamaza na mimi, ingekuwaje?"

"Tungekuwa tumenyamaza wote, mama," Shangazi alijibu. "Asante kwa kuja kutugombeza."

Akaweka simu chini, akashusha kidole kwenye jina lililofuata, akazungusha namba.